Usisimame, Baba

"Baba, Jumamosi usisimame," alisema Hellen bila kuinua uso. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, tarumbeta mapajani, akiisugua kwa majivu na limau mpaka shaba ikaanza kurudisha rangi yake.

Eliufoo alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba. Aliacha kukata, akamtazama binti yake.

"Nisisimame wapi?"

"Kwenye konseti. Tutakapopiga ule wimbo."

Hakuwa na haja ya kutaja jina. Usharika wao, huko juu Old Moshi, ulikuwa na nyimbo nyingi, lakini ulikuwa na mmoja tu ulioitwa ule wimbo. Ulipigwa mara moja kwa mwaka, alfajiri ya Pasaka, wapiga tarumbeta wakipita katika mashamba ya ukoo, kihamba kwa kihamba, kaburi kwa kaburi, na kila familia ikiwa imesimama kando ya watu wake. Hakuna aliyewahi kuusikiliza akiwa amekaa. Vikongwe walioshindwa na miguu waliinuliwa kwa makwapa. Mwaka mmoja Eunike, mke wa Eliufoo, alikuwa na malaria ya kuweweseka, lakini alitoka kitandani akaukumbatia mgomba ili asianguke, na wimbo ulipokwisha akarudi kitandani kuendelea na malaria yake.

"Pale si makaburini, baba," Hellen alisema. "Ni ukumbini, mjini."

"Wimbo haujui uko wapi."

"Lakini watu wanajua."

"Hellen, nisikilize." Eliufoo aliweka panga chini. "Wimbo ule unawaambia wafu waamke. Wewe uliye hai, mwenye miguu yako miwili, ukikaa wakati wao wanaambiwa wasimame, unawaambia nini? Unawaambia laleni tu, hakuna haraka."

Hellen alitoa karatasi kwenye mfuko wa sketi yake, akamsogezea. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na juu yake pameandikwa TARATIBU ZA KONSETI. Hakuna kusimama. Hakuna kucheza. Hakuna vigelegele. Hakuna kwenda mbele kutuza. Eliufoo alisoma polepole kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, mpaka akafika namba saba: Mpigaji ambaye yeye mwenyewe au ndugu yake atavuruga utaratibu, jina lake litaondolewa kwenye orodha.

Aliirudia mara mbili, kisha akaikunja.

Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa inawanyima usingizi. Wageni wa kanisa kutoka Ujerumani waliahidi kuwalipia vijana sita masomo ya ualimu wa muziki, miaka miwili, chakula na malazi ndani yake. Majina sita yalikuwa yameshaandikwa na yangesomwa mwisho wa konseti. La nne lilikuwa la Hellen, wa pekee kutoka bendi yao. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1994, na tangu hapo, miaka miwili sasa, alikuwa akikamua ng'ombe na kuchuma kahawa ambayo bei yake hakuna aliyeielewa tena. Katika bendi nzima ya usharika alikuwa msichana wa kwanza kushika tarumbeta. Wapo waliosema midomo ya msichana haikuumbwa kwa kazi hiyo, nao siku hizi walikuwa kimya.

Aliyeandika taratibu hizo ni Rogath, mwenye ukumbi na mwenyekiti wa kamati. Mtu asidhani kwamba Rogath alikuwa mkorofi. Alianza kununua kahawa pale serikali ilipowaruhusu watu binafsi, akapata, akajenga ukumbi nyuma ya soko. Mwaka uliotangulia alileta kwaya, na mambo yakaharibika. Akina mama walisimama wimbo wa kwanza, wakacheza wimbo wa pili, na kufikia wa tatu wakawa wamejipanga mbele kutuza. Wageni waliokuwa wamesafiri kutoka Ulaya walitazama migongo na vitenge kwa saa mbili. Viti saba vilivunjika. Mgeni mmoja mzee alisukumwa akaangukia ngoma. Kwa hiyo Rogath alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa na akili: anayesimama anamziba aliye nyuma.

Aliyekosea hasa ni mwalimu Yohana, kiongozi wa bendi, na alikosea kwa wema. Wageni waliomba wapigiwe wimbo mmoja wa zamani wa mlimani. Yohana akachagua ule ulio mzuri kuliko yote, akampa Hellen aanze peke yake. Alipokuja kukumbuka kwamba wimbo huo una masharti yake, ratiba ilikuwa imeshachapwa.

Eunike alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa jiko lile ulikuwa wa mbao zilizoachana.

"Baba Jacob, kwani ni lazima uende?" aliuliza.

"Mwanangu anapiga tarumbeta mbele ya wazungu, nami nibaki hapa nikitazamana na ng'ombe?"

"Basi nenda, wimbo ule ukianza utoke nje kama mtu anayekwenda haja."

"Nitatokaje bila kusimama?"

Eunike alifikiri, akaona ni kweli. Alikaa kwenye jiwe la kufulia, akamtazama mume wake kwa namna ambayo wake wa mlimani huwatazama waume zao wanapotaka jambo moja tu na hawatalisema mara mbili. Moyoni alikuwa ameshamwona Hellen chuoni. Alikuwa ameshamwona akirudi likizo na sanduku, akiitwa mwalimu. Katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kuitwa mwalimu.

"Ni wimbo mmoja," alisema. "Dakika tano."

Eliufoo alilitazama panga lililokuwa chini. Alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ile kwa miaka thelathini, mpaka meno ya mbele yalipomtoka, na sasa alikuwa anaombwa jambo ambalo hata pepo asingemwomba. Lakini aliyekuwa anaomba ni Hellen, na Hellen hakuwa na mazoea ya kuomba.

"Sawa," alisema hatimaye. "Nitakaa."

"Kweli, baba?"

"Nimeshasema. Ahadi ni deni. Nitakaa mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Aliokota panga, akaendelea kukata majani, kwa nguvu kuliko yalivyostahili.

*

Jumamosi saa nane mchana walishuka mjini kwa gari la mizigo la jirani, wapigaji na ndugu zao pamoja, vyombo vikiwa vimefungwa kwa mablanketi. Eliufoo alivaa koti lake la harusi, ambalo lilikuwa limehudhuria harusi na mazishi ya watu wengi. Eunike alivaa kitenge kipya na viatu vinavyobana.

Mlangoni alisimama msichana aitwaye Gladys, mpwa wa Rogath, kifuani ana kadi yenye jina lake. Eliufoo hakumwona. Aliona viti vya mbele vilivyovishwa vitambaa vyeupe, akaona kimoja kiko katikati kabisa, akaenda akakikalia, akaweka mikono magotini na kusubiri. Ni miaka mingi alikuwa hajakaa mahali pazuri namna ile.

Gladys alimfuata mbio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Samahani, mzee, naomba usimame."

Nusu ya ukumbi iligeuka. Eliufoo alimtazama msichana yule bila kuelewa. "Nilidhani leo tumekatazwa."

"Hivi ni viti vya wageni na waliolipa shilingi elfu mbili. Ndugu za wapigaji wana benchi zao kule nyuma. Ni za bure."

Alisema kwa adabu, na neno la bure alilisema kwa sauti ya chini ili asimwaibishe, lakini ukumbi ule ulijengwa uchukue sauti. Eliufoo aliinuka, akakung'uta kitambaa cheupe kwa kiganja, kana kwamba amekichafua, akatembea njia yote kurudi nyuma huku watu wakimtazama. Eunike alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mwisho, ukutani, akijifanya hajaona. Alisogea ili mumewe apate nafasi.

"Huku ndiko kuzuri," alimwambia. "Kuna hewa."

"Kuna choo," Eliufoo alisema, maana harufu ilikuwa inapita mlangoni.

Upande wake mwingine alikaa Elimringi, jirani yao, ambaye mwanawe alikuwa anapiga ngoma. Benchi zile tatu za nyuma zilijaa watu wa mlimani, arobaini hivi, wote wamekaa wima na kwa hofu, kama watu waliokuja kumwona daktari. Karatasi ya taratibu ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya vichwa vyao.

Rogath alipanda jukwaani, amevaa suti ya kijivu. Aliwakaribisha wageni, wanane, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye miwani. Kisha akageukia kule nyuma.

"Ndugu zetu wa juu," alisema akitabasamu, "nawapenda na mnanijua. Lakini konseti si harusi. Leo hapa tunakaa. Tukifurahi tunapiga makofi, tena wimbo ukiisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walijibu watu arobaini, kama darasa la tatu.

Hellen alisikia jibu lile akiwa nyuma ya pazia, naye akaona haya, ila hakujua anaona haya kwa ajili ya nani.

*

Wapigaji walitoka wakakaa. Hilo nalo lilikuwa agizo la Rogath, ambaye alikuwa ameona katika picha kwamba bendi za Ulaya hukaa kwenye viti na kuweka karatasi mbele. Walikuwa wamefanya mazoezi hayo wiki tatu na bado hawajayazoea. Mtu aliyezoea kupiga tarumbeta akipanda mlima, akiketishwa, pumzi humkunjika tumboni. Lakini walipiga vizuri. Walipiga nyimbo nane, na baada ya kila wimbo wageni walipiga makofi, kisha waliolipa wakapiga, kisha benchi za nyuma zikapiga, maana zilisubiri kuona kama wakati umefika.

Wimbo wa tisa, Yohana aliinua mkono, akampa ishara Hellen peke yake.

Aliuanza taratibu, sauti ya chini, jinsi unavyoanza alfajiri wakati ukungu ungali kwenye migomba na mtu haoni bendi iko kihamba gani. Kule nyuma miguu themanini ilishtuka. Elisifa, bibi mnene wa mtaa wa pili, alikuwa ameshajiinua nusu alipokumbuka, akashuka tena. Wote walimgeukia Eliufoo. Siku zote yeye ndiye aliyetangulia kuvua kofia, ndiye waliyemtazama ili wajue la kufanya. Akisimama wangesimama, na liwe liwalo.

Eliufoo alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Meku, mzee wangu," Elimringi alimnong'oneza, "vipi?"

"Kaa."

"Lakini si ndio ule..."

"Nimesema kaa, Elimringi."

Elimringi alikaa. Alivua kofia yake, akaigeuzageuza, hakujua aiweke wapi.

Eliufoo aliinamisha kichwa. Miaka mitatu iliyopita mwanawe Jacob aliteremshwa na wapagazi wenzake kutoka mlimani akiwa amefungwa kwenye turubai, ana miaka ishirini na miwili, baridi imemmaliza akiwa amebeba mizigo ya watalii. Amelala kihambani, chini ya masale yaliyopandwa juu ya kaburi, nyuma ya zizi. Pasaka tatu baba yake alikuwa amesimama pale wimbo huu ukipigwa, na kila mara ulimpa nguvu ya kuingia shambani siku iliyofuata. Sasa alikuwa amekaa. Alijisikia kama anamwambia mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, lala. Machozi hayakumtoka, ila aliona aibu, aibu nzito ambayo hakuwahi kuiona hata alipoinuliwa kwenye kiti cheupe. Na bado hakusimama. Kidole kimoja cha Eunike kilikuwa kimeshika mkono wa koti lake, naye hakujua kama kinamzuia au kinamwomba radhi.

Hellen aliyaona yote hayo kutoka jukwaani. Kwa wiki nzima alikuwa ameomba Mungu amwone baba yake amekaa. Alidhani atakapomwona atashusha pumzi na kupiga kama malaika. Badala yake aliona utosi wake. Hakuwahi kuuona utosi wa baba yake wimbo ule ukipigwa. Siku zote alimwona uso, umeinuliwa, macho makavu, koti limefungwa vifungo. Sasa alikuwa mzee mmoja aliyejikunja benchi la mwisho karibu na mlango wa choo, na aliyemkunja hivyo ni yeye Hellen.

Sauti ilimkatikia katikati ya mstari. Alishusha tarumbeta.

Wageni wawili watatu walipiga makofi wakidhani wimbo umekwisha, kisha wakaacha.

"Endelea, mwanangu," Yohana alinong'ona. "Umesahau?"

"Sijasahau, mwalimu."

"Basi endelea."

Hellen alisimama. Kiti chake kililia sakafuni. Rogath naye aliinuka pale mbele, akasogea mpaka ukingo wa jukwaa, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Binti, kaa uendelee," alisema kwa sauti ndogo.

"Wimbo huu hatuupigi tukiwa tumekaa, mzee Rogath. Nilikosea kukubali kuupiga hivyo."

"Umesoma namba saba?"

"Nimesoma."

"Basi unajua ninachotakiwa kufanya."

"Najua."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayethibitisha bei kabla ya kutoa fedha. Alitaka chuo kile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Aliinua tarumbeta, akaanza upya.

Safari hii pumzi ilishuka mpaka miguuni na kupanda yote. Ukumbi ule uliojengwa uchukue sauti uliichukua. Bibi Elisifa alisimama wa kwanza, akafuata Elimringi na kofia yake mkononi, kisha benchi la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyecheza. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu arobaini walisimama wima, mikono kando, migongo ukutani, na hawakumziba mtu yeyote, maana nyuma yao hapakuwa na mtu. Wale waliolipa elfu mbili waligeuka kuwatazama. Wengi wao, wenye maduka na magari yao hapo mjini, nao walizaliwa kwenye vihamba, na mmoja mmoja walianza kuinuka kutoka kwenye viti vyeupe wakiwa hawatazamani usoni.

Katika benchi la mwisho mtu mmoja alibaki amekaa.

"Baba Jacob," Eunike alimwinamia, "inuka."

"Nilimwahidi mtoto."

"Mtoto mwenyewe amesimama."

"Amesimama yeye. Mimi hajaniambia."

"Sasa ukumbi mzima umesimama, wewe tu ndiye umekaa. Unataka watu waseme nini?"

"Waseme niliahidi."

Eunike alinyooka, akashindwa. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka ishirini na sita na alijua hapo hapavunjiki. Akatazama jukwaani, kwa binti yake, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya wote; Hellen akaona pengo kando ya mama yake.

Hellen alimaliza ubeti wa kwanza. Hapo ndipo bendi nzima ilitakiwa kuingia. Hakuwapa nafasi. Alishusha tarumbeta, na katika ukimya ule, mbele ya Rogath na wageni wanane na watu wote wa juu na wa chini, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu chakula kiko tayari:

"Baba. Simama."

Eliufoo aliinua kichwa. Aliinuka polepole, magoti yakimlalamikia. Alipokwisha kusimama alianza kufunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, vyote vitatu, na hakuwa na haraka. Hellen alimsubiri. Wapigaji wote wakamsubiri. Mgeni mrefu mwenye miwani, ambaye hakuelewa hata neno moja, naye alisubiri. Kifungo cha mwisho kilipoingia, wapigaji waliviacha viti vyao, na ubeti wa pili ukapigwa na bendi nzima, imesimama, kwa namna ambayo mwalimu Yohana alikiri baadaye kwamba yeye hakuongoza kitu, alipunga mikono tu.

*

Hakuna muujiza uliotokea. Yule mama wa miwani aliuliza kwa mkalimani kwa nini watu walisimama, akaelezwa, akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Rogath alipanda jukwaani na karatasi. Alitoa kalamu mfukoni mbele ya wote, akakata mstari mmoja, akaandika juu yake. Kisha akasoma majina sita. La nne lilikuwa la kijana kutoka Marangu aitwaye Filbert, mpigaji mzuri, ambaye hakuamini masikio yake. Hellen alimpigia makofi. Eliufoo naye alimpigia makofi.

Mlangoni Rogath aliwasubiri.

"Mzee, sina ugomvi na wewe wala na binti," alisema. Hakuwa anatabasamu tena, na uso wake ulikuwa mzuri zaidi hivyo. "Mama yangu amezikwa Kibosho. Na mimi nilisikia kitu pale. Lakini nikiliacha jina lake, mwakani nitasema nini watu wakivunja viti?"

"Ulisema na umetenda," Eliufoo alijibu. "Na sisi tumetenda. Aika, mbe, asante."

Walipeana mikono, na kila mmoja akaenda zake.

Gari liliwashusha njia panda, wakaanza kupanda kwa miguu sehemu iliyobaki. Jua lilikuwa bado halijazama. Eunike alitangulia, viatu mkononi, mpaka wakavuka mfereji.

"Miaka miwili, Hellen," alisema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya kulia. "Chakula na malazi. Ungemaliza tu ule wimbo. Ulikuwa umebakiza nini?"

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua usingefanya."

"Nilimwona baba."

"Nami nilimwona. Nilikuwa nimekaa naye."

Eliufoo alikohoa. "Kosa ni langu. Ningebaki nyumbani."

"Ungebaki nyumbani," Hellen alisema, "ningeupiga nimekaa mpaka mwisho, na nisingejua nimefanya nini."

Walitembea. Eunike alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaendelea kupanda, na mgongo wake haukuonyesha chochote. Alikuwa anaagana na lile sanduku, na likizo zile, na neno mwalimu, kimoja kimoja, na hilo ni jambo ambalo mama hufanya peke yake.

Penye bomba la kijiji walikuwapo wanawake watatu wakisubiri ndoo zijae. Walimwona Eunike, wakanyooka. Habari ya orodha ilijulikana mlima mzima.

"Mama Jacob," mmoja alimwita kabla hajafika, "vipi huko? Hellen amepata?"

Hellen alitazama chini. Eliufoo alifungua mdomo ili ajibu yeye, amwondolee mke wake aibu ile, lakini Eunike alikuwa ameshasimama katikati ya njia. Aliweka viatu vyake chini. Alijifunga kitenge upya, akakikaza.

"Hajapata," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka vihamba vya ng'ambo. "Fungeni hilo bomba niwaeleze jinsi mwanangu alivyosimama."